Goli la Mto, Goli la Reli

Kindu, 10 Machi 2002

Blaise ndugu yangu,

Salamu nyingi, na mama yako mpe zake. Sisi huku tuko, tunakula kinachopatikana, na mpira tunacheza. Barua hii anakuletea Abedi, anayesukuma kinga yake, ile baiskeli ya zamani, na mifuko ya chumvi mpaka Kalima. Mpe maji ya kunywa, na usimcheleweshe kwa maswali yako.

Wewe uliyetuachia goli wazi ukakimbilia kwa mjomba, nikwambie yaliyotupata. Mashabiki wa Mapendano tumegawanyika, na sababu ni Kocha Henri. Kuna watu wanasema alizaliwa Kongolo, alikuja huku na treni kama fundi wa reli, na kwa kuwa vita vimekata reli katikati, basi yeye ni mtu wa upande wa pili. Wanataka kocha "mutoto wa hapa". Nikawauliza, "Mutoto wa hapa gani? Ule mwenye alitufundisha tukafungwa na waseminari?" Wakanuna.

Shida ni kwamba mikutano imekatazwa. Askari wanaruhusu mpira tu. Watu wakikaa kwenye ukumbi wakazungumza, kesho yake mmoja wao anatafutwa. Basi tukapata akili. Neno likapita mdomo kwa mdomo: siku ya mechi, anayetaka Henri abaki asimame nyuma ya goli la upande wa mto. Anayetaka aondoke asimame nyuma ya goli la upande wa reli. Filimbi ya mwisho ikilia tutaona kwa macho, na walio wachache watakubali bila matusi.

Ungekuwepo, Blaise! Askari wamekaa pembeni na bunduki zao, wanashangilia, hawajui kwamba wamekaa katikati ya uchaguzi. Mtu wa kwanza kusimama goli la mto, peke yake, kabla timu hazijaingia uwanjani, alikuwa dada yako Adolphine. Alikunja mikono namna ile yake, utadhani anamsubiri mtu aliyemkosea. Wengine wakaanza kumfuata. Mechi ilipokwisha upande wa mto ulikuwa umejaa mpaka watu wanakanyaga mihogo ya wenyewe.

Henri alikuja mbele yetu, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti ya chini ili askari wasisikie: "Munisikie. Miye sitaacha hii timu mpaka siku ninyi wenyewe mutanifukuza, hapa hapa, kwa haya magoli." Ndivyo alivyosema, sijaongeza chumvi.

Rudi vita vikipoa. Kipa tuliye naye sasa anaukwepa mpira badala ya kuudaka.

Rafiki yako,
Soudi


Kalima, 2 Aprili 2002

Soudi,

Abedi amefika salama. Barua ililowa kidogo lakini inasomeka. Nilimsomea mama, akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu tufike hapa sikuwa nimemsikia akicheka.

Nimefurahi kwamba Henri amebaki. Vita vilipofika mjini, wachezaji wetu wanaokaa Alunguli, ng'ambo ya mto, waliogopa kuvuka kuja kwetu, na sisi tukaogopa kwenda kwao. Yeye ndiye aliyepanda mtumbwi akawafuata nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wazazi, "Nitamurudisha mwenyewe," na kila mmoja alimrudisha. Mtu wa namna hiyo azaliwe Kongolo, azaliwe mwezini, mimi sijali.

Ila hili la dada yangu kukunja mikono nyuma ya goli nimelielewa vizuri sana. Mwambie Henri kwamba kwetu watu hawaposi kwa macho. Alete wajomba zake. Kama wajomba wamebaki ng'ambo ya vita, akuchukue wewe ujifanye mjomba.

Blaise


Kalima, 6 Agosti 2024

Papa Soudi,

Nimekupigia simu ukakata. Nikapanda tena kilimani kwenye mtandao, nikapiga, ukakata. Basi nakuandikia, tuone barua utaikata vipi.

Bienfait wa pikipiki ananiambia eti unazunguka na ile ngoma yako kubwa ya uwanjani, kutoka mtaa wa Kasuku mpaka Mikelenge, unatangaza kwamba Mapendano inahitaji kocha mpya. Nikamwambia aache uongo. Akanionyesha video. Ni wewe kabisa, na mdomo wako ule, na kofia niliyokununulia mimi!

Soudi, ni Henri huyu huyu. Ni shemeji yangu. Wewe ndiye ulikwenda naye kuposa, ukakaa kitini mbele ya mama yangu ukajiita mjomba wake, na Kongolo mpaka leo hujafika. Mtoto wake wa kwanza amebeba jina lako. Vita vilipokwisha, makocha wenzake walikwenda kutafuta timu Kisangani na Lubumbashi, yeye akabaki na sisi, na uwanja wenye mashimo, na mipira yenye viraka. Leo tumetoka sare hapa na pale, tumefungwa na Kibombo, basi anatupwa kama jezi iliyochanika?

Nasikia mmetangaza kura ya magoli, Jumapili ya katikati ya mwezi wa tisa. Sawa. Huku machimboni, jioni watu wakitoka kwenye mashimo hawazungumzi kitu isipokuwa Mapendano. Nitawaleta. Nimeshaongea na mwenye lori. Tutavuka na mitumbwi kutoka Alunguli tukiimba, na goli la mto litajaa mpaka ukose pa kuweka hiyo ngoma yako.

Niambie kitu kimoja tu. Alikukosea nini?

Blaise


Kindu, 15 Agosti 2024

Ndugu Blaise,

Assalam aleikum. Barua yako nimeipata. Kofia bado naivaa.

Henri hajanikosea. Ni mambo ya mpira. Timu imechoka, beki wa kulia akipanda hashuki, kocha anashikilia mfumo wa zamani. Nathalie, msaidizi wake, yule anayefundisha pia timu ya wasichana, ana cheti na ana nguvu, na wachezaji wanamsikia. Vijana wanamtaka. Ni hayo tu.

Najua watu wananiita msaliti. Jana mtumbwini mama mmoja muuza majani ya sombe aliniuliza mbele ya abiria wote, "Papa Soudi, Coach alikunyanganya bibi?" Watu wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mimi nikaangalia maji. Kijana wangu anaposema "shikamoo" siku hizi anaangalia ukuta. Yote hayo nayameza.

Sasa kuhusu malori. Usije, nakuomba. Barabara mbaya, mvua zimeanza, na hii kura ni ya watu wa Kindu. Kaa Kalima siku hiyo, jioni nitakupigia na nitakueleza kila kitu. Kama kuna siku umewahi kunipa kitu bila kuniuliza sababu, Blaise, nipe na hiki.

Soudi


Kalima, 23 Agosti 2024

Yaya Adolphine,

Nimesikia uko Kibombo, kwenye shamba la marehemu mama. Shamba? Wakati mume wako wanamtoa uwanjani kwa ngoma? Sikuelewi, lakini wewe ni dada yangu mkubwa, nanyamaza.

Soudi nimemuandikia. Ananijibu "mambo ya mpira". Beki wa kulia hashuki! Mtu aliyempigia Henri ngoma tangu vita mpaka jana, leo ananipa habari za beki wa kulia. Halafu ananiomba nisije. Yaya, mtu anayekuomba usije kwenye kura ameshajua kwamba atashindwa. Labda anataka uenyekiti wa klabu, labda kuna watu wamemtia maneno. Sitaki kujua. Mtu niliyekula naye, niliyelala kwake kila nilipokuja Kindu, nimemfuta, na inaniuma mpaka chakula hakipiti.

Wewe usiwe na wasiwasi. Wake zetu wameshona bendera. Lori la kwanza limejaa, sasa watu wanagombania la pili. Henri usimwambie. Nataka tutokee ghafla, nione uso wake.

Mudogo wako,
Blaise


Kibombo, 11 Septemba 2024

Blaise,

Barua yako ilipelekwa kwanza nyumbani Kindu, ikakaa huko, leo ndiyo imenifikia shambani. Nimeisoma nimesimama na jembe mkononi, halafu nikakaa chini kwenye udongo. Simu yako haipatikani tangu asubuhi. Nampa barua hii mtu wa pikipiki anayepita sasa hivi, na namwomba Mungu amkimbize.

Usije. Henri ndiye aliyemtuma Soudi.

Soma tena hapo, najua hujaamini. Tangu mwaka jana presha inampanda. Akitoka kwenye mechi mikono inatetemeka, kijiko hakishiki. Daktari alimwambia waziwazi aachane na benchi. Na yeye mwenyewe anataka kupumzika, Blaise, amechoka. Anataka kulima mpunga hapa na mimi. Nimetangulia ili nisafishe nyumba na kuandaa shamba kabla mvua hazijakaza.

Lakini shemeji yako unamjua. Alitoa neno wakati wa vita, kwamba hataondoka mpaka mashabiki wamfukuze kwa magoli. Nikamwambia, "Watu walishasahau." Akanijibu, "Miye sikusahau." Mwaka jana alijaribu kuwaomba wamwachilie. Wakaja nyumbani na kuku, na nyimbo, wakalia barazani, naye akalia, Jumapili akarudi benchi. Ndipo akamwita Soudi. Akamwomba awagawe watu, awaongoze upande wa reli, na asimwambie mtu hata mmoja, maana wakijua kwamba ni yeye anayetaka kuondoka watamwonea huruma na watajazana wote mtoni. Soudi alikataa. Wakabishana wiki nzima. Mwisho Soudi akafuta macho, akachukua ngoma yake.

Wewe hatukukuambia kwa sababu mdomo wako hauna kifuniko tangu utoto. Usikasirike, ni kweli.

Sasa unataka kumletea malori mawili ya watu wa kumbakiza. Akibakizwa, hatakataa, ataona ni neno lake, na mimi nitabaki na shamba, nitakuwa mjane. Unanipenda? Basi kaa Kalima.

Yaya wako,
Adolphine


Kindu, nyumbani kwa Soudi, 16 Septemba 2024

Yaya,

Kama uliniandikia, sijapata kitu. Tuliondoka mapema kwa kuogopa matope, na bado lori la pili tulilisukuma zaidi ya tulivyolipanda. Henri atakuwa ameshakupigia, lakini yeye atakueleza kwa maneno mawili. Mimi nitakueleza yote, hata yanayoniaibisha.

Tulivuka tukiimba. Watu wa Alunguli wakaungana nasi. Tulipofika uwanjani goli la mto lilikuwa tayari na watu wengi, wazee hasa, na sisi tukalijaza mpaka pembeni. Nyuma ya goli la reli alikuwepo Soudi na ngoma yake, na vijana, na wasichana wa Nathalie, hawakujaza hata upana wa lango. Nikampungia mkono kwa dharau, Mungu anisamehe. Yeye hakupunga. Alishika kichwa.

Nikatafuta uso wa Henri. Nilitaka kuuona, si nilikuandikia? Nikauona. Alituangalia, akaangalia bendera, halafu mabega yakamshuka kama mtu aliyeambiwa arudi kazini siku ya harusi yake. Nikasema moyoni, ni furaha hiyo, imemzidi. Yaya, mimi ni mjinga.

Mechi ikaenda, hakuna aliyekuwa anaiangalia. Zilipobaki dakika chache Henri akasimama kutoka kwenye benchi, akaanza kutembea kando ya mstari. Sisi tukapiga vigelegele, tukajua anakuja kwetu kutushukuru. Akafika katikati ya uwanja, akageuka, akaelekea upande wa reli. Taratibu, koti lake mkononi. Mzee mmoja karibu yangu akapiga kelele, "Coach, unapotea! Kwako ndio huku!" Hakugeuka. Akafika nyuma ya goli, akasimama karibu na Soudi, akatutazama.

Hata wachezaji walisimama, mpira ukaenda wenyewe ukatoka nje. Henri akasema kwa sauti, na unajua hapigi kelele mara nyingi: "Miye pia niko shabiki wa Mapendano, ao hapana? Niko nataka coach mupya. Nimechoka, ndugu zangu. Muniache nitoke na heshima."

Hapo ndipo nilipomwangalia Soudi. Alikuwa analia bila kujificha, mikono juu ya ngoma. Nikajumlisha yote, simu zilizokatwa, beki wa kulia, "usije, nakuomba". Yaya, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na hasira pia, sikufichi, kwamba mlinificha mimi.

Nikashika bendera yangu nikavuka uwanja. Watu wa Kalima wakaanza kuniita, "Papa Blaise! Ulituleta huku na matope yote hii, sasa unaenda wapi?" Nikawaambia, "Naenda kumufukuza shemeji yangu. Mukuje munisaidie." Kwanza wakanitukana kidogo. Halafu mmoja akaja, halafu wanawake wenye bendera, halafu wale wazee, wakitembea polepole na kufuta macho. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho, upande wa mto alikuwa amebaki mbuzi wa mtu.

Henri alikaa chini kwenye nyasi. Wachezaji wake wa zamani, wale aliowavusha mtoni wakati wa vita, sasa wana vitambi na mvi, wakamnyanyua wakamzungusha uwanja. Alikuwa anawaambia wamshushe, wataumia migongo. Nathalie alisimama pembeni, amebanwa na watu wanaompongeza na wengine wanaomwonya.

Soudi alinifuata, akaniambia, "Nilikuambia usikuje." Nikamwambia, "Ungeniambia na sababu." Akasema, "Weye? Ningekuambia asubuhi, saa sita Kalima yote ingejua." Tukapigana mabega, tukacheka, tukalia, mambo ya wazee. Nimelala kwake, na usiku amenieleza habari za presha, daktari na mpunga. Mkewe amepika samaki na sombe, na chakula kimepita.

Andaa shamba. Anakuja.

Blaise


Kibombo, 9 Desemba 2024

Soudi rafiki yangu,

Adolphine na mimi hatujambo. Mpunga umepanda mpaka kiunoni na ndege wanausumbua, nami nashinda nawafukuza. Presha imeshuka. Daktari wa hapa aliniuliza ninakunywa dawa gani, nikamwambia naamka asubuhi na hakuna mtu wa kumpanga wala wa kumtoa, akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Sasa tuzungumze mpira. Jumapili nilisikiliza redioni. Soudi, yule dada Nathalie anafanya nini? Anaongoza kwa goli moja, bado muda mrefu, anaingiza mshambuliaji mwingine! Ukiwa mbele unafunga mlango, kila mtu anajua. Na wale viungo wake vijana wanapiga pasi za nyuma mpaka msikilizaji anapatwa na usingizi. Tulisawazishiwa, nikapiga redio kofi, betri zikaruka. Adolphine ameinyang'anya, ameificha, na ananiambia hataitoa mpaka nikomae. Mimi, mwenye mvi!

Jana Bienfait alipita hapa na pikipiki yake akaniambia kwamba kuna watu wameanza kunong'ona, wanasema Nathalie ni mtoto, ni mwanamke, hana uzoefu, na wametangaza kura ya magoli Jumapili ijayo. Sasa unisikilize. Mimi namlaumu kwa yale mabadiliko, na nitaendelea kumlaumu. Lakini kumtoa, hapana. Mimi mlinibakiza nikiwa nafungwa, tena wakati watu walikuwa na sababu za kuogopa hata kivuli changu. Yeye naye apewe muda wa kukosea. Ninakuja. Blaise anakuja pia kutoka Kalima, na safari hii tumemwambia sababu, kwa hiyo najua Kalima yote inajua.

Kuna jambo lingine, na hili ni langu mwenyewe. Miaka yote niliyokaa benchi, tulipofunga goli ninyi mliruka, mlikumbatiana, wewe ulipasua ngozi za ngoma. Mimi nilikuwa tayari naangalia nani ameacha nafasi yake, nani atachelewa kurudi. Sikuwahi kushangilia goli la Mapendano mpaka mwisho, hata moja. Nilikuwa nawasikia tu mgongoni kwangu.

Jumapili tukifunga, nataka kuruka. Niwekee nafasi karibu na ngoma yako, na tafadhali mtu yeyote asiniulize habari za mfumo.

Henri